Herufi Kumi na Mbili za Muhonja

Andati, fundi wa simu wa Kware, hakuwa na adui anayejulikana, lakini alibuni pochi ya kuhifadhia sarafu za mtandaoni kana kwamba dunia nzima inamvizia. Ilitoshana na kiberiti. Ukikosea namba ya siri mara tano, inajifuta. Mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuifungua bila namba, hakuuweka, hata wa kwake mwenyewe, na jambo hilo alipenda kuwaeleza watu ambao hawakuwa wameuliza.

Aliyeijaribu ni mkewe, Muhonja, muuza omena chini ya ghorofa yao. Kila alipokwama, Andati alirekebisha. Vitufe vikawa vikubwa kwa sababu vidole vyake havikauki maji. Maandishi yakawa ya Kiswahili kwa sababu alikataa kukaripiwa na mashine kwa Kiingereza. Hatimaye likaongezwa jambo moja: mwenye pochi aandike neno lake, litokee kila akifungua, ajue matapeli hawajambadilishia kifaa. Nafasi zilikuwa kumi na mbili.

"Herufi kumi na mbili hazinitoshi," Muhonja alilalamika. Kisha akafunika skrini kwa kiganja, akaandika, akacheka peke yake.

"Umeandika nini?"

"Baba Shirleen, si wewe ulisema mtu asiambiwe, hata bwana?"

Alikuwa amesema. Hilo liko hata kwenye karatasi ya maelezo, kwa wino mzito.

Mwezi wa Juni Muhonja akashikwa na nimonia, akazikwa Vihiga kabla mwezi haujaisha. Pesa zilitolewa zote kwa orodha ya maneno ya akiba ambayo kila mwenye pochi huinakili siku ya kwanza, na ambayo hurudisha pesa kwenye kifaa kingine lakini hairudishi neno la mwenyewe. Andati hakuwa ameona haja ya kulihifadhi neno hilo. Nani angelitaka?

Sasa alilitaka yeye, akaanza kuibahatisha namba ya siri. Alijaribu siku ya harusi. Mwaka aliozaliwa Shirleen. Tarakimu za mwisho za mita ya stima. Tarakimu za mwisho za simu yake yeye Andati, kwa majivuno kidogo. Ikabaki nafasi moja.

Triza, dada ya marehemu, alimkuta ameishika tu.

"Shem, pesa si tulishatoa?"

"Si pesa. Kuna neno lake humu."

"Basi fungua. Si ni wewe uliitengeneza?"

"Niliitengeneza isifunguke."

Triza akavuta stuli. "Weka mwaka aliokuja Nairobi. Hata kwa simu alikuwa anatumia huo."

Miaka kumi na mmoja ya ndoa, na Andati hakuwa analijua hilo. Akabonyeza taratibu, tarakimu moja moja.

Pochi ikanyamaza sekunde tatu, muda alioupanga mwenyewe ili mwizi akate tamaa. Skrini ikafutika. Ikawaka tena, kwa herufi kubwa zisizohitaji miwani: Karibu. Pochi hii ni mpya. Andika neno lako.

"Imefunguka?" Triza akauliza. "Imesema nini?"

"Imenikaribisha," Andati alisema.