Mume wa Kivukoni

Mwamvua wa Ushongo ni mtafiti wa kompyuta za kwantamu, mashine ambazo joto kidogo tu huzikosesha hesabu. Mashine zenyewe ziko Ulaya. Yeye huziendesha kwa mtandao akiwa nyumbani kwa mama yake, akitafuta njia ya kuzifanya zijisahihishe. Majirani husema anacheza kamari. Waache waseme.

Siku hiyo mtandao ulikuwa umekatika kijijini. Majibu aliyoyasaka kwa miaka yalikuwa ndani ya kompyuta yake, hayako popote pengine, naye alikuwa akiyapeleka Pangani mjini ayatume. Aliposhuka tu kwenye kivuko, kijana mmoja akaikwapua kompyuta akakimbia.

"Mwizi!"

Mwamvua, mtu mzima, mzaliwa wa pwani hii, akasahau neno hilo hufanya nini. Bodaboda walimvamia kijana kama nyuki. Fimbo ya kwanza ilimvunja mkono, tofali likampasua kichwa. Rahimu, mkubwa wa kijiwe, alikwishashika kidumu cha petroli.

"Leteni tairi!"

Kuwaomba wamsamehe kungekuwa kumpigia mbuzi gitaa. Mwamvua akajitupa juu ya kijana, na teke la mtu likamwingia yeye mbavuni.

"Mwacheni! Ni mume wangu!"

Fimbo zikasimama.

"Mumeo?" Rahimu akauliza. "Mbona umemwitia mwizi, dada?"

"Tumegombana, kaka yangu. Kompyuta ni yake. Hasira zilinipanda."

"Wakigombana mke na mume, chukua jembe ukalime," mmoja akasema, na wengine wakacheka.

Rahimu hakucheka, wala kidumu hakukiweka chini. "Mwanamke huyu nusura atufanye tuue mtu bure. Haya, bwana, mtie adabu mkeo, tuamini."

Kijana aliinuka akipepesuka, damu ikimwingia machoni. Alisita. Mwamvua akamsogelea, akamnong'oneza, "Nipige."

Kofi lilimwangusha chini. Watu wakashangilia. Kisha kijana akamwinamia akamzaba la pili kwa mkono ule ule mzima, na hilo la pili Mwamvua hakuliomba.

Rahimu akaipangusa kompyuta mchanga, akampachikia kijana kwapani. "Nenda zako, ndugu. Tuwie radhi."

Mwamvua alibaki amekaa mchangani, mdomo umejaa damu, akimtazama mwizi wake akichechemea na kazi yake yote kuelekea sokoni, na watu wakimpisha njia.