Hadubini Waliyoigombea

Nilipoanza uzamili wa nanoteknolojia hapa Eldoret, tuliambiwa kozi yetu haina ukuta: fizikia, kemia, biolojia na uhandisi, zote nyumba moja. Niliamini, hata nikaacha kufundisha sekondari kule Burnt Forest.

Utafiti wangu ulikuwa kutengeneza chembe za madini ya fedha, ndogo zisizoonekana kwa macho, za kupaka kwenye vichujio vya maji ya visima vya mtaa wa Langas. Zikitoka vizuri, chupa huwa na rangi ya strungi nyepesi, chai isiyo na maziwa. Zikicheleweshwa hushikana, maji yakawa ya kijivu, na kazi imekufa. Kwa hiyo nilihitaji kuzipima haraka kwenye hadubini ya elektroni.

Hadubini ilikuwa kwenye jengo la uhandisi, ufunguo kwa mkuu wa idara ya fizikia.

"Mashine ni ya wahandisi," akaniambia. "Waombe wao."

Mkuu wa uhandisi hata hakuinua macho. "Ufunguo ninao mimi? Na wewe si mtu wa kemia?"

Msimamizi wangu, mama mpole wa kemia, alininong'oneza, "Vumilia. Wazee wakigombana usiingie katikati."

Nilivumilia mpaka chupa ikageuka kijivu. Siku hiyo niliingia kwenye mkutano wa wakuu hao bila kuitwa, nikaitua mezani.

"Hii ndiyo nyumba moja mliyotuahidi," nikasema.

"Adabu, msichana!" akafoka mkuu wa uhandisi.

"Adabu nimekuwa nayo, Prof. Sasa nataka mlango."

Waliufungua, nadhani ili kunikomoa, waone kama nitaweza kuitumia. Hadubini ilikuwa bado imevishwa plastiki ya kiwandani, waya wake wa umeme umekunjwa na kufungwa vilevile ulivyokuja. Haikuwa imewashwa hata mara moja, wala hapakuwa na aliyejua kuiwasha. Wazee wawili walikuwa wakigombea ufunguo tu! Nilitembea kwa miguu hadi nyumbani Kapsoya nikiongea peke yangu kama mwendawazimu.

Nilianza upya. Msimamizi akanitafutia maabara Nairobi, na huko, asubuhi moja tu, nikaziona chembe zangu: za mviringo, zimeachana kama punje za wimbi. Nilicheka, kisha hasira ikanipanda tena. Asubuhi moja! Wenzangu walikuwa wameshahitimu.

Siku ya mahafali yangu, mkuu wa fizikia alininyooshea mkono. "Umetuletea sifa."

Niliuangalia ule mkono, nikampita.