Yule pepo aliyetolewa na mama yangu kule Bwera alikuwa mimi

Wakuu, poleni na mihangaiko. Ninachoandika hapa ni kweli tupu, na baadhi ya walioshuhudia wamo humu humu, watanisahihisha.

Nimelikana jambo hili miaka mitano. Nimelikana kazini, nimelikana sokoni, nimelikana hata kwenye harusi ya binamu yangu nikiwa nimeshika maikrofoni. Petro alikana akalia. Mimi niliagiza soda.

Yule pepo wa kwenye filamu alikuwa mimi.

Mdogo wangu Bwambale alikuwa na kibanda cha video Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo. Kwetu filamu haionyeshwi hivi hivi. Lazima awepo VJ, mtu anayekaa kando na maikrofoni, anatafsiri papo hapo na kuongeza utani wake. Siku za soko, Wakongo wakivuka mpaka, Bwambale alitafsiri kwa Kiswahili.

Mwaka ule alipata filamu ya kutisha. Msichana ameingiwa na pepo, padri mzee anakuja na msalaba na maji ya baraka. Kibanda kilijaa.

Shida, padri alipewa Kiswahili cha jeshi: "Wewe pepo! Simama! Toka inje mbio!" Na pepo akapewa lafudhi ya ng'ambo ya mpaka.

Mfanyabiashara mmoja Mkongo alisimama. "Juu ya nini shetani iko Mukongo? Bashetani ya Uganda beko wapi?" Nusu ya kibanda ikatoka naye.

Wiki iliyofuata pepo akawa mtu wa Kitswamba, upande wetu wa mpaka. Ugomvi mwingine, safari hii na viti vilirushwa.

Bwambale akaja kwangu Kasese. "Dada, nataka Kiswahili ambayo haina mwenyewe."

Wakuu, mimi nilisoma chuo kikuu Tanzania. Nilirudi na shahada na Kiswahili sanifu ambacho hakuna mtu wilaya nzima aliyewahi kuniomba. Nafundisha sekondari na kuandika makala zinazosomwa na watu kumi na mmoja, nikiwemo. Leo mtu ananihitaji kwa Kiswahili changu! Nilikubali kabla hajamaliza chai.

Sharti langu lilikuwa moja: nikae nyuma ya pazia. Mama yetu ni mwenyekiti wa kina mama wa parokia. Nilijua akisikia binti yake anamsemea shetani, atakufa kwa aibu.

Siku ya soko, saa tisa mchana, pepo wangu akafungua kinywa: "Naam, ewe padri, nimekungoja karne na karne. Tafadhali, usinisogezee maji hayo."

Hakuna aliyeinuka. Hakuna aliyetukanwa. Nikasikia mtu ananong'ona, "Eh, shetani hii imesoma!" Kichwa kilinivimba, sitaficha.

Ndipo mlango ukafunguliwa.

Nilichungulia kwenye tundu la pazia. Mama, na kina mama watatu nyuma yake, rozari mkononi. Walikuja kufunga kibanda.

Hapa niwaeleze. Nyumbani tunaongea Lhukonzo. Kiswahili Mama alijifunzia Kilembe, baba alipokuwa akifanya kazi mgodini, na hukitumia kwa mbwa, kwa walevi na kwa sisi watoto tukikosea.

Alimtazama yule msichana anavyojipinda kwenye skrini. Uso wake ukabadilika. Akainua rozari.

"Wewe! Acha mutoto ya watu! TOKA!"

Kwenye filamu pepo alikuwa bado na dakika ishirini za kuongea. Nina miaka arobaini na moja, nina shahada, na mama yangu amesema toka.

Niliweka maikrofoni chini, nikatokea nyuma, nikaenda moja kwa moja stendi.

Bwambale alinisimulia yaliyofuata. Mdomo wa pepo ukawa unacheza bila sauti. Watu wakapiga magoti. Dereva mmoja Mwislamu aliyekuwa amejipumzisha pale akasema, "Mama huyu ni hatari."

Tangu siku hiyo Mama akawa "yule aliyefukuza pepo ndani ya TV". Aliitwa kuombea misiba na harusi. Hata mwendo ulibadilika, alitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya. Mngenishauri nimwambie lini?

Watu wakinitania, "Mwalimu Biira, yule pepo si alisema naam kama wewe?", nilikana.

Wiki iliyopita mzaha ukaisha. Familia moja ya Mahango, kule mlimani, ilimwita Mama. Binti yao anaanguka na kutoka povu. Walikataa kumteremsha kwa daktari, wanamngoja Mama atoe pepo. Na Mama akapanda.

Simu yake haikupatikana siku mbili. Mimi huku naandika ungamo langu, lenye utangulizi na hitimisho, huku nikiwaza kwamba mtoto wa watu anaweza kufa kwa sababu ya uongo wangu.

Somo nililokuwa nimewaandalia lilikuwa "uongo una mwisho wake". Lilifutwa na simu ya Mama, kama mtakavyoona. Mkishasoma, wenye mama wa aina hii wajitokeze hapo chini, nisijione niko peke yangu.

Mama alipiga jana asubuhi. Aliongea Lhukonzo, nawatafsiria, uzoefu ninao.

"Biira, niko hospitali. Daktari anasema ni kifafa. Mtoto amepewa dawa, amelala vizuri."

"Walikubali kushuka?"

"Wangenikatalia mimi? Nikawaambia, mimi ndiye ninayejua pepo, na pepo wa namna hii hatoki ila hospitali."

Nikaanza kuungama. "Mama, ile siku ya Bwera..."

"Sauti yako niliisikia tangu nje. Nani mwingine Bwera anamwambia padri 'tafadhali'?"

Nikauliza mbona hakuwahi kusema.

"Miaka arobaini nakwambia jambo, unaniletea maswali. Siku ile nilisema toka mara moja tu, ukatoka. Niache nijivunie."