Kelele za Kiti cha Tatu

Hsiu-luan alilipwa kupiga kelele, na kwa kazi hiyo mji mzima wa Hsinchu usingempata wa kumshinda. Alikuwa ameuza madonge ya samaki sokoni miaka thelathini. Siku za kazi kwenye maabara ya sauti alikaa kiti cha pili, mumewe Jin-fa cha tatu, wakipiga soga mfululizo ndani ya chumba cha vigae ambamo kila neno liligonga ukuta na kurudi. Kwenye kiti cha kwanza msichana alisoma sentensi. Katikati ya meza palikuwa na maikrofoni nane ndogo, na kompyuta ilitakiwa kuichuja sauti ya msichana yule itoke salama kwenye domo la wazee wawili.

Hiyo ilikuwa kabla Jin-fa hajakatwa ulimi. Saratani ya kutafuna tambuu ilimla mdomo. Tangu atoke hospitali anaandika kwenye kibao, na Hsiu-luan, aliyechoka kusaga uji na kufua foronya zenye mate, humwimbia wimbo uleule asubuhi na jioni: "Ungesema mapema unaumwa, we mzee. Mdomo ulikuwa wa nini?"

Leo alikuja maabara kuomba sauti ya mumewe. Mhandisi Yu-chun alikuna kichwa.

"Shangazi, nyie tuliwafuta. Ndiyo kazi yenyewe."

"Basi nifute mimi, umbakize yeye. Si ulisema kompyuta inaweza kugeuzwa imfuate mwingine?"

Rekodi za awali za maikrofoni zote nane, kabla ya kufutwa chochote, zilikuwa bado zipo. Sauti ya kila kiti huzifikia maikrofoni hizo kwa kupishana muda mdogo sana. Yu-chun alizisogeza zikutane kwa kiti cha tatu. Hsiu-luan akajisikia akizama na bei zake za vitunguu, mkwe wake na magoti yake, mpaka akabaki mvumo tu. Jin-fa akajitokeza, taratibu.

"Kidonda hiki chini ya ulimi hakiponi, mama. Mwezi wa pili sasa. Naogopa."

Mvumo haukusita hata kidogo.

Hsiu-luan aliona aibu. Yu-chun alipouliza kama amnakilie, alitikisa kichwa kukataa, akachukua mwavuli wake.

Nyumbani Jin-fa alikuwa amekaa mezani akingoja wimbo wa jioni. Hsiu-luan alivuta kiti, akakaa mbele yake.

"Ulisema," alimwambia. "Uliniambia, nami sikukusikia."

Jin-fa alimtazama, akavuta kibao, akaandika bila haraka: *Ulikuwa kazini.*