Mtu wa Kumsemea

Mume wangu alikuwa askari. Alipofiwa na mjomba wake aliomba ruhusa ya kwenda kuzika, akanyimwa. Sajenti wake alimwambia ruhusa ya msiba ni ya baba, mama, mke au mtoto, mjomba atazikwa na wenyewe. Mume wangu akapiga saluti, akaja kwetu kwenye kota, akavua kombati, akavaa shati na kuondoka kuelekea Kilambo, mpakani.

Mimi ni mtu wa Mikindani. Kwetu mjomba ni mjomba tu, unampenda na akifa unamlilia. Kwa kina mume wangu, Wamakonde wenye ndugu pande zote mbili za Ruvuma, mjomba ndiye mwenye mtoto. Ndiye anayekupeleka jandoni, ndiye anayekuposea, na ukishtakiwa mbele ya watu ndiye anayesimama kukusemea, wewe umekaa chini umeinamisha kichwa. Kijana akijitetea mwenyewe, wazee wanamwona hana kwao. Nilipoolewa nililicheka sana jambo hilo. Nilimuuliza kama hata kumeza mate anasubiri mjomba aruhusu.

Msiba wenyewe ulikuwa ng'ambo, upande wa Msumbiji, na siku hizi askari havuki mto ule kama mtu anayekwenda gengeni. Vita vya kule vimefanya kila anayepita mpakani atiliwe shaka. Aliyajua yote hayo. Alivuka, akazika, akarudi, akaenda mwenyewe getini kujisalimisha. Wakamweka mahabusu ya kambi kwa utoro na kwa kuvuka mpaka bila kibali.

Nikapanda bajaji mpaka mjini, Chikongola, kwa mwanasheria mmoja, mama wa makamo anayewasaidia wasio na uwezo. Aliniambia jambo ambalo sikulijua, kwamba askari hapotezi haki zake kwa kuvaa kombati.

"Mumeo ana haki ya kuita mashahidi na ya kuomba afisa wa kumtetea," alisema. "Ila aombe mwenyewe. Na wakimuuliza kama ana la kusema, aseme yote. Aseme msiba, aseme ruhusa aliyonyimwa, aseme alivyojirudisha. Asinyamaze, mwanangu. Akinyamaza amekwisha."

Nilimpelekea mume wangu chakula na maneno hayo. Mlinzi akatuachia nafasi ya kuzungumza, nami nikamkaririsha kama mtoto wa madrasa. Yeye anakula mihogo yake.

"Nimesikia, mama watoto."

"Utasema?"

"Mkuu wetu ananijua."

Ni kweli, mkuu wa kikosi aliwahi kula ugali kwetu, na alikuwa akimwita mume wangu mwanangu. Niliogopa pale pale.

Siku ya shauri nilikaa nje ya geti. Yaliyotokea ndani alinisimulia baadaye. Walimsomea mashtaka, wakamuuliza kama anayakubali, akasema ndiyo afande, maana kwenda alikwenda. Wakamuuliza kama anataka mtetezi, akanyamaza. Wakamuuliza kama ana neno la kujitetea, akainamisha kichwa, akasubiri. Mkuu, sitamsingizia, alirudia swali. Aliposikia kimya akaendelea na kazi yake. Alimpa kifungo cha kambini na kupendekeza aachishwe kazi, na wakubwa wa juu wakapitisha.

"Ulikuwa unasubiri nini?" nilimuuliza.

"Mkubwa aseme."

"Mkubwa gani, baba? Mkubwa si ndiye aliyekuwa anakuhukumu?"

Nikajuta kuuliza. Mtu wa kumsemea ndiye aliyekuwa amekwenda kumzika.

Alipotoka kifungoni tukahama kota, tukaenda kukaa kwao, karibu na Kilambo. Ilibaki rufaa. Mwanasheria alikuwa tayari, alichotaka ni mume wangu aje aeleze kwa mdomo wake kwa nini aliondoka na nani alimnyima ruhusa. Kila nikimkumbusha, anasema kesho. Mara sajenti naye ana watoto, mara wazee watamwonaje akizunguka mjini anajililia. Nilichoka hadi nikaacha kupika, na hilo nalo hakulisemea.

Siku ya mwisho ya kukata rufaa nilimsimamia hadi akavaa viatu. Tukiwa mlangoni wakaja wanawake wa ukoo wao. Mtoto wa dada yake, mwanamke aliyekwisha kuolewa, amekamatwa na korosho za watu, na baraza limeshakaa. Baada ya matanga ukoo ulikuwa umempa mume wangu nafasi ya marehemu. Sasa mjomba ni yeye.

"Mwanasheria anatusubiri," nilisema.

"Yule hana mtu mwingine."

Nilimfuata barazani nikiwa na hasira ya kuweza kumpiga. Akasimama mbele ya watu, akazungumza. Sijapata kumsikia akizungumza vile. Alieleza binti alivyofika kwenye lile shamba, nani alimtuma, nani alimwona. Akiulizwa anajibu, akibanwa anageuza maneno polepole mpaka aliyembana anatabasamu. Wenye korosho wakaanza kulegea. Nilimwonea fahari na nilimchukia, vyote kwa pamoja, na machozi yalinitoka watu wakadhani namlilia binti.

Binti alisamehewa. Muda wote ule alikuwa amekaa chini, ameinamisha kichwa, hajasema neno. Simu ya mwanasheria iliita mkononi mwangu hadi ikakatika, ikaita tena, nikaitazama tu.