Mama Mdogo Hana Kanuni

Ofisini kwetu, tunakochapa miongozo ya walimu, mchapaji mwenzetu mmoja tulimwita Bibi Mitindo. Wageni walidhani ni mshonaji, kisha wakiona sketi yake ya kijivu, ile ile ya jana na juzi, walijizuia kucheka. Mitindo yake ilikuwa ndani ya kompyuta. Kila aina ya maandishi aliipa jina, na kwa jina hilo kompyuta ilijua ukubwa wa herufi na nafasi ya kuacha. Kichwa cha sura kiliitwa Mama. Vilivyo chini yake, Mtoto na Mjukuu. Nukuu ya kitabu cha mwingine aliiita Mkwe, maana, alisema, imekuja na tabia za kwao. Na kichwa cha nyongeza, kinachoshika nafasi sura zikiisha, kiliitwa Mama Mdogo.

Jina hilo alilijua vizuri. Dada yake alifariki akaacha binti anayetambaa. Bibi Mitindo alimlea, akamsomesha, akakataa posa ya mtu aliyemtaka yeye bila mtoto. Binti alimwita Mama mdogo tangu alipojua kusema.

Sasa miongozo yote ilitakiwa iwekwe kwenye tovuti, na mtaalamu aliyeletwa akawa binti huyo huyo. Meneja alikwisha kututangazia kwamba wachapaji watapunguzwa, na mtaalamu ndiye atakayeshauri nani abaki.

"Wewe una mtu," nilimtania. "Sisi ndio tufunge virago."

"Mchumia juani hulia kivulini," alijibu. "Na mimi jua limenibabua."

Binti aliandika kanuni: ukikuta Mama, weka kichwa kikubwa cha ukurasa, ukikuta Mtoto, weka kidogo chake. Kompyuta ingeupitia waraka na kuugeuza yenyewe. Siku ya majaribio tulizunguka kioo cha kompyuta yake. Sura zilitoka zimenyooka. Tulipofika mwishoni, kichwa cha nyongeza kilikuwa kimegandana na maneno ya juu yake, chembamba, hakitambuliki.

"Mama mdogo hajatokea," alisema Bibi Mitindo.

"Nani?" aliuliza meneja.

"Mtindo wa nyongeza. Hajaandikiwa kanuni."

Meneja alicheka. "Kumbe hata humu kuna ukoo!"

Binti hakugeuza shingo. "Nimeona, dada. Kisicho na kanuni hupita hivi hivi, maneno matupu."

Dada. Nilimwona Bibi Mitindo akishika ukingo wa meza.

"Basi mwandikie," alisema polepole.

"Hakuna haja. Nitamfuta, iwe aya ya kawaida tu."

"Na wachapaji?" meneja akadakia. "Huyu anatufaa?"

Binti aliendelea kubonyeza. "Tafuta anayetumia majina yanayotumika kila mahali. Haya ya nyumbani yatatuchelewesha."

Bibi Mitindo alirudi kwenye dawati lake, akachukua kikombe chake, akakifuta ndani na nje kwa kitambaa, akakitia mkobani.

Jioni tulishuka ngazi pamoja. Binti alitukimbilia kutoka nyuma, akatazama kama meneja yupo, kisha akamshika Bibi Mitindo mkono, akasema kwa ile sauti yake ya utotoni.

"Mama mdogo, leo tunakula nini?"

Bibi Mitindo aliutoa mkono wake, si kwa nguvu.

"Sijui, dada," alisema. "Kamuulize meneja."