Kisanduku cha Simu ya Mzazi

Siku ile tulikuwa wanne katika duka la kompyuta pale Ukunda: mimi, mdogo wangu wa kike, mama mdogo aliyetoka Waa asubuhi, na mwenye duka, fundi kutoka bara. Baba tulimzika zamani. Mama alipoanza kuugua niliacha shule. Mdogo wangu alikuwa amemaliza la nane, na watu wa ng'ambo wanaosomesha mayatima walitaka maombi yajazwe kwenye mtandao.

Swali la mwisho liliuliza mzazi alifariki vipi. Mama alipokata roho mimi nilikuwa kazini Diani, nikifua mashuka ya hoteli. Mdogo wangu alikuwa naye peke yake, na hakuwahi kunisimulia. Sasa aliandika kwa muda mrefu, herufi moja moja, bila kuinua uso. Sikumchungulia. Nilijiambia nitasoma akimaliza.

Akabonyeza kutuma. Ukurasa ukarudi mtupu, na mstari mwekundu juu: kuna kosa, jaza upya. Fundi alitazama, akasema nadhani ni kisanduku cha simu ya mzazi, hamkukijaza.

"Mwambie huyo aliyemo ndani ya kompyuta kwamba hawana mzazi," mama mdogo akasema. "Au yeye hajafiwa?"

Mdogo wangu akaandika tena, kwa ufupi, na kwenye kisanduku cha simu akaweka sifuri. Ukarudi mtupu. Mara ya tatu fundi alijaza namba ya duka lake, na mdogo wangu akaandika tu kwamba mama alifariki. Maombi yakapokelewa.

Fundi alikataa malipo. "Kukagua si kosa," alisema. "Kosa ni kumfutia mtu maneno yake yote kwa ajili ya kisanduku kimoja."

Mdogo wangu alipata nafasi, akaenda shule ya bweni Msambweni. Mimi nikaanza kufagia pale dukani, na fundi akanifunza kutengeneza kurasa za mtandao. Wa kwanza ulikuwa wa nyumba za wageni Tiwi. Mgeni akikosea tarehe, ukurasa humrudia na kila alichoandika kikiwa mahali pake, na kosa limeelezwa kando ya kisanduku chenyewe.

Maneno ya mdogo wangu hayakubaki popote. Tulipokuwa tukirudi nyumbani siku ile, nilimwomba anisimulie alivyoandika mara ya kwanza.

"Dada, nimeshaandika mara tatu," akajibu.

Nikamwambia basi, siku akiwa tayari nitakaa nimsikilize mpaka mwisho. Likizo huja, tunapika, tunafua, anarudi shule. Kikao hicho bado nadaiwa.